Mheshimiwa wa Karatasi na Uji wa Muhogo

Kulikuwa na nchi moja ambayo jina lake hatutalitaja, na si kwa woga, bali kwa huruma tu. Sheria ya nchi hiyo inasema kila alisikiaye jina lake asimame wima, mkono kifuani, mpaka aruhusiwe kuketi. Sasa wewe msomaji huenda umeketi, miguu imechoka, kikombe cha chai kiko mkononi. Ya nini kukusumbua? Kaa hivyo hivyo.

Nchi hiyo iliongozwa na Mheshimiwa Mwavuli wa Taifa. Aliitwa Mwavuli kwa sababu aliwakinga wananchi na jua, mvua, na habari. Alikuwa mfupi kidogo. Hilo si letu kulisema. Wapimaji wa serikali walimpima wakathibitisha kwamba kimo chake ndicho sahihi, ila nchi ilijengwa ndefu kupita kiasi, wakaagiza milango ya ikulu ishushwe. Mji mkuu aliujenga ukingoni kabisa mwa nchi, karibu na daraja la mpakani, ili majirani nao wafaidi hotuba zake.

Katika mji huo waliishi Bi Sikudhani na mumewe, Mzee Machano. Kazi yao ilikuwa kutengeneza vitu vikubwa vyenye uwazi ndani: vichwa vya tembo vya kuvaliwa na wachezaji ngoma, chui wa michezo ya shule, na mara moja birika kubwa kama kibanda, ambalo muuza chai mmoja alilisimamisha mbele ya duka lake. Waliifanya kazi hiyo tangu wakiwa vijana, mke akifinyanga, mume akibeba.

Na kubeba kulikuwa na utaratibu wake. Kitu kikishakauka, Mzee Machano aliingia ndani akakiinua kwa mabega, na humo hakuona chochote zaidi ya vidole vyake vya miguu. Kwa hiyo Bi Sikudhani alitembea nje, mwiko mkononi, akimgongea. Akigonga ubavu wa kulia, mume anageuka kulia. Akigonga wa kushoto, kushoto. Akigonga mgongoni, songa mbele. Akinyamaza, simama. Kwa mwiko huo walipitisha ndovu kwenye vichochoro ambavyo hata mbuzi hujikunyata kupita, na hawakuwahi kuvunja sikio.

Ndivyo walivyoishi mpaka siku ya mwayo.

Ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo wananchi humshukuru Mheshimiwa, naye Mheshimiwa hukubali. Alihutubia tangu asubuhi. Alisema "na kwa kumalizia" kabla ya jua kuwa kali, akasema tena watu walipoanza kutafuta kivuli, na aliposema tena jua likiinama, Mzee Machano akapiga mwayo. Haukuwa mwayo wa siasa. Ulikuwa mwayo wa mzee aliyeamka mapema. Lakini askari waliuona, na mahakamani ukaitwa kwa jina lake la kisheria: kuvuta hewa ya taifa kupita mgawo.

Hakimu, tuseme haki, alikuwa mtu mwema. Kila shahidi alipoonyesha jinsi mwayo ulivyopigwa, hakimu naye alishikwa, akawa anajificha ndani ya joho lake ili asiwatie hofu waliohudhuria. Akamfunga Mzee Machano mpaka atakaposamehewa.

*

Sikukuu nyingine ilipokaribia, gari refu jeusi lilisimama uani kwa Bi Sikudhani. Akateremka Dokta Tamimu, Waziri wa Maumbo na Shangwe, pamoja na kamati yake nzima. Bi Sikudhani alikuwa anakoroga uji wa muhogo, ule wa kugandishia karatasi. Akawavutia mkeka.

"Hatukai," alisema Waziri. "Mama, taifa lina jambo. Mheshimiwa Mwavuli, kwa upendo wake, mwaka huu ameamua kutembea mbele ya wananchi akiwa katika ukubwa wake halisi."

"Kwani sasa hivi yuko katika ukubwa gani, Mheshimiwa Waziri?"

Kamati ilitazama chini. Waziri akakohoa.

"Sasa hivi yuko katika ukubwa wa unyenyekevu. Tunataka umtengeneze mrefu kuliko nguzo za taa. Ndani watakuwamo watu wa kumbeba. Yeye mwenyewe atabaki nyumbani, maana mtu hawezi kujifuata."

"Nitahitaji kuuona uso wake," alisema Bi Sikudhani. "Na kama inawezekana, kuupaka plasta kidogo, nichukue umbo."

Mjumbe mmoja aliziba masikio. Waziri alieleza kwa sauti ya kumwonea huruma kwamba Mheshimiwa haguswi, hasogelewi, na wala hapakwi. Angepewa picha. Kisha akatoa masharti. Pasiwe na matundu ya macho kwa ajili ya wabebaji, kwa sababu hakuna awezaye kuona kupitia macho ya Mheshimiwa. Pasiwe na mlango, kwa sababu Mheshimiwa hafunguki. Na uso uwe wenye huruma.

"Huruma ndiyo ya muhimu," Waziri alisisitiza. "Iwe nyingi. Ionekane hata kutoka nyuma."

Bi Sikudhani aliuweka mwiko kando, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Nitafanya. Lakini nina neno. Mume wangu yuko gerezani kwa ajili ya mwayo."

"Ah, yule wa mwayo!" Waziri akatabasamu. "Mama, kazi ikipendeza, siku ya Sikukuu jina lake litakuwa la kwanza kwenye msamaha. Utarudi naye nyumbani mkiwa mmeshikana mikono. Nakuahidi mbele ya kamati."

Kamati ikapiga makofi. Walikuwa na desturi ya kuipigia makofi ahadi, ili isipite hivi hivi bila kupata chochote.

*

Bi Sikudhani alifinyanga kwa udongo kichwa na kifua, kwanza kwa kufuata picha. Paji la uso lilikubali. Mashavu yalikubali. Huruma ikakataa. Aliitafuta machoni mwa picha, akaitafuta pembeni mwa mdomo, akaigeuza picha juu chini, hakuiona. Akaogopa kwamba macho yake ndiyo yamezeeka.

Akakaa chini kwenye kigoda, akiwa na donge la udongo mapajani, akaanza kumfikiria mumewe: jinsi alivyokuwa akimwachia ukoko wa wali akijua anaupenda, na kusema kwamba yeye ameshiba. Vidole vikafanya kazi vyenyewe. Alipoinua macho, Mheshimiwa alikuwa anatabasamu tabasamu la mumewe, Baba Chausiku, lile la upande mmoja, na ile mikunjo mitatu pembeni mwa jicho.

"Haya," alijisemea. "Huruma ninayoijua mimi ni hii."

Akaupaka udongo sabuni iliyoyeyushwa ili usigande, akaufunika kwa plasta iliyochanganywa na nyuzi za katani, akaacha ikauke iwe kalibu, chombo cha kutolea umbo. Kisha akaitenganisha kalibu katika vipande viwili, cha mbele na cha mgongo, akabandua udongo wote, akakisimamisha kipande cha mbele ukutani kipigwe na jua. Uso ulikuwa umezama ndani ya plasta, kama shimo lenye pua.

Kamati ikaja siku hiyo hiyo kukagua, kabla hajatandaza humo karatasi hata moja.

"Bado," alisema Bi Sikudhani. "Hiyo ni kalibu tu. Mheshimiwa mwenyewe hajatoka."

Hawakumsikia. Walikuwa wamesimama wamekauka. Sasa, uso uliozama una tabia moja ambayo mafundi wote wanaijua: ukitazamwa kutoka mbali kidogo, jicho hudanganyika likauona umetokeza nje, na mtazamaji akisogea, uso nao unageuka kumfuata. Waziri alisogea kulia. Mheshimiwa akageuka naye. Akarudi kushoto. Mheshimiwa akarudi naye.

"Ananitazama," alinong'ona Waziri.

"Samahani, Dokta, ananitazama mimi," alisema mjumbe wa kwanza.

"Hata mimi huku nyuma!" alilia wa pili, akapiga magoti. "Mheshimiwa, ile saruji ya shule ilikuwa imeloa tayari! Nilichukua iliyoloa tu!"

"Mimi sikusema neno lolote," alijitetea wa tatu. "Nilidhani tu. Na nimeacha kudhani!"

Bi Sikudhani aliwaonea huruma. Aliwaletea maji kwenye kata, wakanywa kwa zamu. Waziri alipopata sauti alitangaza kwamba hajawahi kuona kazi inayofanana na Mheshimiwa kiasi hiki, na kwamba kazi ya kutoa umbo ikiisha, kalibu hiyo ichukuliwe na serikali, ihifadhiwe mahali pa heshima.

*

Alitandaza karatasi zilizolowa uji wa muhogo ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, katikati akapitisha vitambaa, akatia nguvu kwa fito nyembamba. Alipovitoa vipande na kuviunganisha, akapata Mheshimiwa mrefu kuliko nguzo za taa, mwepesi, mtupu ndani, na joho la kijani lililoshuka mpaka chini. Kwa kuwa mlango ulikatazwa, wabebaji wangefunikwa naye kwa juu kama vifaranga chini ya tenga.

Wabebaji waliletwa kutoka gerezani, wanne, wakisindikizwa na Koplo Mhando. Walichaguliwa wenye mabega mapana, na wa kwanza kwenye mstari alikuwa Mzee Machano.

Amekonda. Ndevu zimeota ovyo. Bi Sikudhani alitaka kukimbia, lakini koplo alikuwepo, basi akasimama pale pale na mwiko wake.

"Shikamoo, bibi," alisema Koplo Mhando.

"Marahaba, mwanangu."

Koplo akatazama juu. "Mimi nimeamrishwa nisiwaruhusu wafungwa kuongea na raia. Lakini pale mtaani nimeona ndege mzuri sana, nakwenda kumtazama. Huwa nachukua muda mrefu kutazama ndege." Akaenda zake.

"Mama Chausiku," alisema Mzee Machano.

"Baba Chausiku. Wanakulisha?"

"Wananilisha. Chumvi tu hawaijui." Akauinua uso, akamtazama Mheshimiwa, akakunja kipaji. "Huyu mbona namfahamu?"

"Nyamaza, mume wangu. Serikali imesema anafanana."

Akacheka, kicheko kile cha upande mmoja. Bi Sikudhani alimwonyesha alivyoshona vipande vya godoro kwenye fito ili mabega yasichubuke, na alivyoning'iniza kibuyu cha maji kila penye mtu. Tundu za pua alikuwa amezitoboa mpaka ndani, hewa ipite. Kuhusu pua masharti hayakusema kitu.

Tatizo likabaki moja. Wabebaji hawakuona, na itifaki ilikataza mtu yeyote kutangulia mbele ya Mheshimiwa. Ndipo Bi Sikudhani alipomweleza Waziri kwamba karatasi hupasuka juani, na fundi lazima atembee pembeni akigonga kwa mwiko ili asikie penye ufa.

"Kumgonga Mheshimiwa!" alishtuka Waziri. "Anayeweza kumgusa Mheshimiwa ni Mheshimiwa peke yake!"

Kamati ikakutana siku nzima. Jioni ikatoa tamko, nalo likasomwa redioni: kwamba siku ya Sikukuu, umbo hilo *ni* Mheshimiwa, kwa heshima zote na nguvu zote za kisheria, kwamba haulizwi aendako wala hazuiwi, na kwamba Bi Sikudhani, kwa siku hiyo, si mtu bali ni Mkono wa Mheshimiwa. Wakamvisha utepe begani ulioandikwa MKONO.

*

Uwanja ulijaa. Watu wote walikuwa wamekodoa macho, maana tangu ile kesi hakuna aliyethubutu hata kuonyesha usingizi. Mheshimiwa akaingia akiyumba taratibu, joho likipepea, tabasamu la huruma likimeremeta, na pembeni yake bibi mmoja mwenye mwiko. Ko, ko, mgongoni. Ko, kulia. Akasimama sawasawa mbele ya jukwaa. Watu wakalia kwa furaha. Bibi mwingine karibu na lango alisema, "Miaka yote hii sikujua kama ana uso mzuri hivi," naye alisema kweli.

Waziri akahutubia badala ya Mheshimiwa. Bi Sikudhani alingoja. Aliposikia neno "msamaha" akaushika mwiko kwa mikono miwili.

Majina yakasomwa. Mtu alikuja, akapiga magoti mbele ya Mheshimiwa, akasema ahsante, akaachiliwa. Mwingine akaja. La mtu wa mwayo halikusomwa. Waziri aliposhuka kunywa maji, Bi Sikudhani akamsogelea.

"Mheshimiwa Waziri, la kwanza lilikuwa liwe la mume wangu."

"Na liko, Mama, liko la kwanza kabisa!" Waziri alishika kifua. "Ila sheria inataka anayesamehewa apige magoti mbele ya Mheshimiwa. Sasa mumeo yuko wapi?"

"Ndani ya Mheshimiwa."

"Umeona basi. Mtu hawezi kuwa ndani ya Mheshimiwa na mbele ya Mheshimiwa kwa wakati mmoja."

"Mtoeni, apige magoti."

"Mheshimiwa hafunguki, Mama. Tulikubaliana." Akampigapiga begani, juu ya utepe. "Mwakani, inshallah. Ingawa mwakani nako tutahitaji wabebaji, na huyu ameshaizoea kazi. Kwa kweli sioni mwaka ambao hatutamhitaji. Ni heshima kubwa kwa familia yenu."

Akapanda tena jukwaani. "Na kwa kumalizia," alisema.

Bi Sikudhani alirudi mahali pake. Kutoka kwenye tundu za pua, juu kule, ilisikika sauti ndogo: "Mama Chausiku? Wamenisoma?"

Bi Sikudhani alitazama lango la uwanja, lililokuwa wazi, na nyuma yake barabara pana, na mwisho wa barabara daraja. Akajipangusa macho kwa ncha ya khanga. Halafu akagonga ubavu wa kulia.

Mzee Machano alijua jukwaa liko mbele na kulia ndiko kwenye lango. Alikuwa amebeba ndovu miaka mingi. Mheshimiwa akageuka, akampa Waziri mgongo katikati ya sentensi.

Ko, ko, ko, mgongoni.

"Anakwenda wapi?" aliuliza mjumbe wa kwanza.

"Haulizwi!" alifoka Waziri. Akageuza ratiba pande zote mbili, kisha akafanya lile pekee lililoruhusiwa. Akamfuata.

Basi wote wakafuata. Bendi ikafuata, ikipiga. Majenerali wakafuata, wakifutana jasho. Langoni alikuwepo Koplo Mhando na bunduki yake. Bi Sikudhani alimtazama, naye akamtazama. Koplo akapiga saluti ndefu sana, macho yakiwa juu mbinguni, kana kwamba huko kuna ndege.

Njiani umati uliimba. Darajani, afisa wa mpaka alitoka kibandani akiwa na muhuri, akaona kivuli kinamfunika, akaangusha muhuri.

"Pa… pasipoti?" alisema kwa mazoea tu, kisha akajiziba mdomo.

"Ya nani?" aliuliza Bi Sikudhani kwa upole.

"Nisamehe, mama! Apite! Na wewe je?"

Akamwonyesha utepe. Afisa akasoma: MKONO. Hakuna sheria inayouzuia mkono kwenda na mwili wake. Kizuizi kikanyanyuliwa.

Waziri, kamati na majenerali wakasimama kwenye mstari mweupe. Wasingeweza kuvuka. Kutoka nje ya nchi kulihitaji kibali, na kibali kilitolewa na Mheshimiwa mwenyewe, naye alikuwa anawaacha. Wakabaki wanapunga mikono. Bendi ikapiga wimbo wa kuagana, na ilipiga vizuri. Wale vijana walijitahidi.

*

Redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa Mwavuli yuko ziarani nje, na ziara inaendelea kwa mafanikio.

Nyumbani, mtu mmoja mfupi aliyekuwa akitazama sherehe kupitia televisheni alitoka mbio mpaka lango la ikulu. "Mimi hapa!" alipiga kelele. "Mheshimiwa ni mimi!" Walinzi walimkagua kwa makini. Wakainama kumkagua vizuri zaidi. Mheshimiwa, kama nchi nzima ilivyoshuhudia, alikuwa mrefu kuliko nguzo za taa, alikuwa ziarani, na alikuwa na huruma usoni. Wakamkamata kwa kosa la kufanana na Mheshimiwa bila kibali, sheria ambayo aliisaini mwenyewe. Gerezani Koplo Mhando alimpa maji. Yeye huwapa wote.

Kuongoza nchi hakukusimama. Kalibu ililetwa kwenye chumba cha mikutano ya mawaziri, ikaegemezwa kwenye kiti cha mbele, na kila waziri akaona inamtazama yeye. Saruji ya shule ikarudi, hata ile iliyoloa. Wenyewe husema hawajawahi kutawaliwa vizuri namna hiyo, nao wanastahili kuaminiwa. Ni watu wa kweli wakiwa wanatazamwa.

Ng'ambo ya daraja, wenye shamba la kwanza waliwapa wageni uji na kivuli. Mheshimiwa alilazwa ubavu kando ya banda. Kuku waliingia chini ya joho, wakapanda mpaka kichwani, wakaanza kutaga. Ni pakavu na hewa inapita. Wale wabebaji watatu wengine walilala usingizi pale pale majanini.

Mzee Machano alikaa kwenye kigoda, mabega hayajachubuka, bakuli la uji mkononi, na Bi Sikudhani pembeni yake. Upepo ulileta sauti ya vipaza sauti kutoka ng'ambo. Waziri alikuwa amerudi jukwaani, na bado alikuwa anahutubia. "Na kwa kumalizia," ilisema sauti.

Mzee Machano akapiga mwayo. Ulikuwa mkubwa, wa taya zote mbili, uliongoja mwaka mzima.

Bi Sikudhani akageuka haraka kutazama kulia, akatazama kushoto. Kuku mmoja alitoa kichwa kwenye tundu la pua, akarudi ndani. Hakuna mwingine aliyeona.

Basi akauweka mwiko chini, akapiga mwayo wake.